Mlima ukivaa kofia, saiti inakufa

Kuna jamaa alinitumia meseji wiki juzi, eti bro hii AI mnayosema iko kwenye minara ya simu inafanya nini hasa, au ni maneno ya wauzaji tu. Nikaanza kumjibu palepale kwenye simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikaona heri niimwage hapa yote kuliko kumtumia vipande vipande hadi asubuhi.

Kwa wasionijua, mi ni fundi wa minara. Nimekulia Busia upande wa Uganda, kule ambako ukikaa sebuleni simu inakukaribisha Uganda na ukitoka uani inakukaribisha Kenya, kwa hiyo habari za netiweki kuhamahama sikuzisoma darasani. Ndo maana pia naandika Kiswahili, na wale wenzangu wa Kampala wanaosema hii ni lugha ya wanajeshi na wezi wavumilie tu, baraza la mawaziri lenyewe lilipitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kampuni ninayofanyia kazi siitaji, we jua tu ni mkandarasi wa mkandarasi.

Sasa kazi yenyewe iko hivi. Mnara ukiuona kando ya barabara unadhani umesimama peke yake, kumbe hapana. Simu yako inaongea na mnara, sawa, lakini mnara nao lazima upeleke maneno yako mbele, na huku kwetu mashariki minara mingi haina faiba mguuni, inapeleka kwa dishi. Ile kitu ya duara kama ngoma imefungwa kule juu, inatazamana na ngoma nyingine kwenye kilima cha pili, kile cha pili kina ngoma inayotazama cha tatu, hivyo hivyo mpaka mfike mahali penye faiba, na faiba nayo itoke kupitia mpakani hadi Mombasa kwenye nyaya za baharini. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kule upande wa Afrika Kusini? Uganda hatuna bahari hata ya kuoshea miguu lakini tulikaa tukiangalia kile kiduara kikizunguka.

Kwa hiyo ni kama watu wamejipanga wanapokezana ndoo za maji. Wa katikati akidondosha, wote walio nyuma yake hawana maji, na ukiwaangalia wao utadhani ndio wabovu. Kwenye chumba cha kuangalia mtandao mambo yanakuja hivyo hivyo, saa nane ya usiku skrini inageuka nyekundu, saiti kumi na nne, yaani minara na vifaa vyake, zimekufa kwa mpigo, alamu mia na kitu, na kijana aliyeko zamu peke yake na rolex, ile chapati ya mayai, iliyopoa mkononi anatakiwa aseme ni ipi imeanza.

Na hapo ndipo nilipoingia mimi na ujuaji wangu.

Nilikuwa nimesoma kozi za kujifunza kwa mashine, ndo AI yenyewe hiyo, mtandaoni usiku usiku, nikamwambia bosi, tuna tiketi za hitilafu za miaka mitatu, kila tiketi ina saiti, saa, alamu zilizolia na sababu fundi aliyoandika wakati wa kufunga, nipe hiyo data nitengeneze modeli, programu inayojifunza kutoka humo, itakayotuambia sababu kabla hatujawasha gari. Bosi akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Sikutumia mambo makubwa, nilitumia miti ya maamuzi, yaani unaotesha mamia ya miti, kila mti unauliza maswali yake madogo, je ni usiku, je betri ilishuka kabla, je jirani yake naye amekufa, halafu mwishoni miti yote inapiga kura. Kwa data ya jedwali kama hii yetu, niamini, hiyo njia ya kizamani inapiga vizuri kuliko mitandao ya neva ambayo kila mtu anaikimbilia, na inakimbia kwenye laptopu bila kuifanya iwe pasi.

Modeli ikapata alama za juu sana. Nikaonyesha ofisini, watu wakapiga makofi, mtu akasema tununue soda.

Tukaipeleka saiti. Banange. Kila kitu ilikuwa inasema umeme. Saiti imekufa, umeme. Dishi limepigwa na radi, umeme. Kuna moja panya walitafuna kebo, umeme. Nikarudi kwenye data kuangalia kumbe ndani ya ile programu ya tiketi, ukitaka kufunga lazima uchague sababu kwenye orodha, na cha kwanza kabisa juu ya orodha ni umeme wa gridi, sasa we fundi uko juu ya kilima saa tisa usiku, vidole vimeganda, simu ina asilimia nne, utashuka mpaka namba kumi na saba kweli? Halafu kuna jambo ambalo huwa hatulisemi kwa sauti. Ukichagua umeme wa gridi hupigwi faini kwa sababu umeme si wa kwako. Ukichagua jenereta utaulizwa dizeli ilikwenda wapi. Kwa hiyo wote tulikuwa tunachagua umeme, mimi nikiwemo, mimi mwenyewe tena sana. Mashine haikukosea kitu, ilijifunza vizuri kabisa jinsi tunavyofunga tiketi tukiwa na usingizi na woga. Na nilipoipima niliipima kwa tiketi zilezile zenye uongo uleule, sasa alama zisiwe juu kwa nini.

Nikanyamaza na modeli yangu kama mwezi hivi.

Halafu ikatokea saiti moja huku upande wa Tororo, kilima sitakitaja, ilikuwa inatutesa. Inakufa saa nzima, inafufuka yenyewe. Tumebadilisha betri mara mbili, tumebadilisha rektifaya, kile kifaa cha kuchaji betri, tumeweka waya mpya wa ardhi, wapi. Na kwenye tiketi zote, bila shaka, umeme. Nikatumwa tena na betri nyingine nyuma ya pikapu, barabara ya murram, vumbi mpaka kwenye meno, nafika namkuta askari wa pale, mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, anachoma hindi kwenye sigiri. Anaongea kile Kiswahili cha jeshi cha zamani ambacho mi nakipenda sana.

Akaangalia betri, akaniangalia mimi.

"Injinia, nyinyi kila siku munaleta betri. Betri iko muzuri. Hii mutambo hapana kufa na umeme."

"Sasa inakufa na nini Mzee?"

Akanyoosha hindi kuelekea mlima Elgon. "Ile mulima ikivaa kofia, mimi najua. Hapa iko jua, mama wanaanika muhogo, lakini ile mulima ikivaa kofia nyeusi, dakika kidogo simu yangu inaandika hakuna."

Nikamuuliza mbona hujawahi kusema. Akanitazama hivi kama vile anatazama kuruta. Akaingia kwenye kibanda chake akatoka na kaunta buku, ile ya kuandikia wageni, jalada limefungwa kwa kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, lisilowe, akafungua. Kalamu ya bluu, mwandiko wa kukandamiza hadi unapita upande wa pili. Tarehe, saa kwa mtindo wa jeshi, 1540, 1615, 1505, na mbele yake maneno yaleyale, "mvua mlimani, netiweki hakuna", "mvua mlimani, netiweki hakuna", halafu saa iliyorudi. Kurasa na kurasa. Na kwenye baadhi ya kurasa kuna sahihi ya fundi aliyekuja siku ile, yaani mtu wetu kafika, kasaini chini ya jibu, kapakia betri ya zamani akaondoka. Moja ya zile sahihi ilikuwa yangu.

Nilipiga picha kurasa zote nikakaa usiku huo nikizichapa. Halafu nikaenda kuchukua kitu ambacho sikuwa nimekigusa kabisa nilipotengeneza modeli ya kwanza, nguvu ya mawimbi inayopokelewa na kila dishi. Kila redio inajiandikia hiyo, kwetu ni kila robo saa, kiwango cha chini na cha juu. Siku kavu ile laini imelala tambarare kama ziwa Kyoga, hasi 42, hasi 43, haitingishiki (ni dBm, hasi ikizidi mawimbi yamedhoofika). Halafu nikaangalia siku za kaunta buku. Saiti ya Mzee yenyewe, ngoma yake haina kitu, imelala tu. Lakini kiungo cha pili, yaani jozi ya ngoma zinazotazamana, kile kinachotoka kilima cha katikati kwenda upande wa mlimani, kinaanza kushuka, hasi 50, hasi 61, hasi 70, kinazama kama bakuli, kinafika hasi 80 na kitu kinakata, baadaye kinapanda upande wa pili wa bakuli. Saa inalingana na kalamu ya Mzee, tofauti ni dakika chache.

Sababu yenyewe wenye fizikia mnaijua. Kile kiungo kiko kwenye gigahezi 23, urefu wa wimbi ni kama milimita 13 tu, na tone la mvua kubwa nalo ni milimita kadhaa, kwa hiyo wanaonana, tone linameza na kutawanya. Ingekuwa gigahezi 7, wimbi la sentimita nne na kitu, lingepita mvua hiyo bila kusumbuka sana, lakini masafa ya chini yamejaa na madishi yake ni makubwa na ghali, kwa hiyo viungo vifupi vinapewa masafa ya juu. Redio za siku hizi hazifi ghafla pia, mvua ikizidi zinapunguza mwendo kama dereva mwenye akili kwenye utelezi, zinabeba biti chache kwa kila mpigo ili zisipotee, wewe nyumbani unaona tu video imekuwa ukungu. Ikizidi zaidi ya hapo ndo inakata.

Kitu kilichonikosesha usingizi si hicho lakini. Ni kwamba upungufu wa mawimbi kwenye masafa hayo unakaribia kwenda sambamba na wingi wa mvua kwenye njia yote kati ya ngoma na ngoma. Maana yake ile namba tuliyokuwa tunaifuta kila baada ya wiki kadhaa ili kupata nafasi kwenye seva, ilikuwa kipimo cha mvua. Tumezungukwa na vipimo vya mvua vilivyosimama juu ya kila kilima, vina umeme, vina askari, na tunavipigia kelele kwamba ni vibovu.

Nikadhani nimegundua mimi, hahaha. Kumbe 2006 huko Israeli, Hagit Messer na wenzake wawili walishaandika kwenye jarida la Science kwamba minara ya simu inaweza kupima mvua. Uholanzi 2013 wakachora ramani ya mvua ya nchi nzima kwa viungo karibu 2,400. Burkina Faso walijaribu pale Ouagadougou, makala yao ikatoka 2014, na hiyo ndo iliyonipa moyo zaidi kwa sababu ile ni mvua ya kwetu, ile inayokuja kama ugomvi, siyo manyunyu ya Ulaya.

Sasa kujifunza kwa mashine kunaingia wapi, maana ungeweza kusema basi mawimbi yakishuka andika mvua. Ungeumia. Mawimbi yanashuka kwa mambo mengi. Asubuhi na mapema umande unakaa kwenye uso wa ngoma, nao unameza. Hata mvua ikiisha, ngoma ikiwa bado imelowa inaonyesha kama mvua inaendelea. Mtu amepanda mikaratusi kwenye njia ya mawimbi, kila mwaka inarefuka, laini inashuka polepole miezi na miezi mpaka siku moja watu wanalaumiana. Upepo ukipinda dishi kidogo, laini inadondoka ngazi moja na hairudi tena. Kwa hiyo kinachotofautisha ni umbo, na kusoma umbo ndo kazi ambayo hizi modeli zinaiweza. Wajerumani 2020 walitumia mtandao wa neva wa aina ya wale wanaotambua picha, unachukua kidirisha kidogo unakitelezesha juu ya laini kutoka kushoto kwenda kulia, kila mahali unauliza je hapa panafanana na mvua, waliufundisha kwa viungo 800 wakaupima kwa karibu 4,000. Mimi sina viungo 4,000. Nina vichache ninavyoruhusiwa kugusa na kaunta buku moja.

Nilichofanya ni kurudi kwa miti yangu ya maamuzi, ila safari hii sikumpa kila mnara data yake peke yake. Nilimpa na ya jirani zake. Nilichora grafu, kila kilima ni nukta, kila jozi ya ngoma ni mstari, na kila mstari nikaupa kumbukumbu ya mistari inayougusa, ilikuwaje robo saa iliyopita, nusu saa iliyopita. Mvua ya huku mara nyingi haianzi kwako, inaanza kule mlimani mchana inashuka au inatoka upande wa ziwa usiku, na kiungo cha jirani kinaanza kulia kabla ya chako. Kuna modeli maalum za grafu ambazo nukta zinatumiana ujumbe zenyewe zikajifunza nani amsikilize nani, nimezijaribu, ni tamu, ila kwa data yangu kidogo hii hazikunipa cha kunishangaza. Labda baadaye. Kile kilicholeta tofauti kubwa hakikuwa modeli, ilikuwa kubadilisha safu moja ya jedwali, kuondoa "sababu" iliyoandikwa na sisi mafundi na kuweka iliyoandikwa na Mzee.

Faida yake kazini ni ya kawaida tu, usitegemee maajabu. Mvua ikianza kule tunapata robo saa, wakati mwingine nusu saa, ya kuhamishia mzigo njia nyingine kama ipo. Na hatupeleki betri. Mafuta ya pikapu peke yake yalimfurahisha bosi kuliko grafu yangu.

Lakini mimi akili yangu haiko kwenye mafuta. Mtu wa huku akisikia mvua ya Elgon hafikirii netiweki, anafikiria Bududa, wilaya iliyoko kwenye miteremko yake. Machi 1, 2010, kijiji cha Nametsi, mlima ulishuka juu ya watu, mamia wakazikwa. Oktoba 2018 tena Bududa, safari hii mto ukabeba mawe na matope ukapita sokoni. Mwisho wa Julai 2022 mito ikafurika Mbale mjini usiku watu wamelala. Vipimo vya mvua vya kawaida huku ni vichache, na juu kule kwenye miteremko ndo vichache zaidi. Sisemi mnara unatabiri maporomoko, hapana, udongo una mambo yake, mteremko, miti iliyokatwa, maji yaliyokusanyika siku tano nyuma. Na kiungo kinapima wastani wa njia yote, hakikuambii imenyesha shamba la nani. Na pale ambapo watu wanaishi juu kabisa ndipo ambapo hakuna viungo, hilo linaniudhi kila nikiangalia ramani. Ila kujua kwamba saa tisa hii imeshuka mvua nzito kwenye bonde fulani, kwa namba ambayo tayari iko kwenye waya, haina sauti ya mtu wala meseji ya mtu ndani yake, kisha tunaifuta, hapana jamani. Nimeandika barua mbili kwenda juu nikiomba tuitunze. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nimejibiwa kwamba imepokelewa.

Nirudi kwenye swali la yule jamaa kwa sababu aliuliza pia kama hayo yote lazima yafanyike Kampala kwenye seva kubwa. Swali zuri kuliko alivyodhani. Shida ni kwamba ukitaka kuona mvua vizuri robo saa ni ndefu sana, unataka kila nusu dakika, na kutuma hizo zote kwenda Kampala unatumia kiungo kilekile ambacho ndicho kinachokufa. Mgonjwa unamwomba akimbie kwenda kujieleza hospitali. Kwa hiyo nikanunua vikompyuta vitatu, vile vya ukubwa wa kadi ya benki, Raspberry Pi, kwa hela zangu, nikaweka kimoja kimoja kwenye saiti tatu, kila kimoja kijifunze hapohapo.

Cha kwanza sisimizi walihamia ndani. Kweli kabisa, walileta na mayai. Cha pili kilifanya kazi vizuri wiki tatu halafu kikaanza kusema mvua inanyesha kabla haijanyesha, nikafurahi nikadhani ni utabiri, kumbe vile vidude havina betri ya saa ndani, umeme ukikatika vinasahau saa, vinasubiri viulize mtandaoni, na mtandao ndo huo umekufa. Kwa hiyo kilikuwa kinaandika data ya leo kwa saa ya jana. Nikakumbuka Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, alishaandika 1978 kwamba kwenye mifumo iliyotawanyika usiulize saa ngapi, uliza kipi kilitangulia kipi, kila kifaa kiwe na namba inayopanda na kila ujumbe ubebe namba yake. Nilisoma hiyo chuoni nikaona ni falsafa ya watu wasio na kazi. Nimeipanga upya programu yote kwa namna hiyo sasa. Hata zile alamu za saa nane usiku tatizo lilikuwa hilohilo, alamu ya mtoto, saiti iliyo nyuma kwenye mstari, inafika kabla ya alamu ya mzazi, wewe unamkimbilia mtoto.

Na vikishajifunza kila kimoja kwake vinaunganishaje akili? Kuna njia inaitwa kujifunza kwa shirikisho, McMahan na wenzake wa Google waliieleza 2016, mwaka uliofuata wakaonyesha inavyotumika kwenye kibodi ya simu za Android. Fikiria masteji ya boda. Kila steji ina ujuzi wake, njia gani ina jam saa hizi, wapi kuna shimo jipya. Jioni kila steji haipeleki majina ya abiria wala nani alikwenda kwa nani, inapeleka tu mabadiliko ya ujuzi wake kwa mwenyekiti, mwenyekiti anachanganya ya masteji yote, kesho asubuhi kila steji inaanza na ujuzi wa wote. Data inabaki nyumbani, kinachosafiri ni funzo. Kwa kiungo dhaifu kama vya kwetu ni kidogo sana kinachosafiri.

Ila sikiliza hapa. Google walisema simu inashiriki mafunzo ikiwa imetulia, iko kwenye chaji, na iko kwenye waifai ya bure. Sasa nani Uganda simu yake usiku iko kwenye chaji na waifai ya bure? Si mama wa muhogo. Maana yake ukiipeleka njia hiyo vijijini bila kufikiri, steji za Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, ndizo zitakazomfundisha mwenyekiti, na Bududa itapewa ujuzi wa Kololo kila asubuhi. Kwangu ilikuwa vilevile, saiti yenye sola nzuri ndo ilikuwa inashiriki kila siku, na ile ya mlimani, inayonyeshewa, inakuwa imezima mvua ikianza, kwa hiyo akili ya pamoja ikawa akili ya jua. Nimelazimika kuipa saiti ya mlimani uzito zaidi kwa mkono. Si kisayansi sana, najua, mkija kwenye maoni mje na suluhisho.

Na wale wanaopenda vitu vikubwa, mfano wenu uko jirani tu. Mabaluni ya Loon, kampuni dada ya Google, yalianza kutoa intaneti Kenya Julai 2020, yalikuwa yanaelea kilomita 20 juu, hayakuwa na injini ya kuyasukuma, yalikuwa yanapanda na kushuka kutafuta upepo unaokwenda walikotaka. Mashine ilijifunza kwa thawabu na adhabu namna ya kukaa mahali pamoja, Desemba 2020 ikatoka kwenye jarida la Nature, kazi nzuri mno. Januari 2021 wakatangaza wanafunga. Hesabu ya upepo waliiweza, ya pesa ikawashinda.

Kile kikompyuta cha tatu bado kipo, kwa Mzee, nimekiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga na mafuta ya taa kidogo pembeni kwa ajili ya sisimizi. Juzi nilipita kuangalia. Nikafungua laptopu juu ya jerikani nikamwonyesha bakuli kwenye skrini, nikamwambia hii ni ile siku yako ya 1540. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akafungua kaunta buku akalinganisha, akasema iko sawasawa. Halafu akauliza, "Sasa hii mutambo ya kopo, mwisho wa mwezi inalipwa ngapi?"

Nikamwambia hailipwi kitu, Mzee.

"Na mimi kwa ile kuandika?"

Nilikuwa na elfu kumi na mbili mfukoni. Nikampa kumi, mbili nikamnunulia bando, na nimeandika barua ya tatu.